Kutia mpini mpya kwenye shoka la kambini

Mashoka madogo ya kambini huletwa kwangu kwa wingi mwezi wa nane na wa tisa, kiangazi kinapokuwa kimekaza. Mengi yamenunuliwa Dar es Salaam. Mpini umekaa dukani miezi na miezi katika hewa ya pwani yenye unyevu, kisha shoka linapandishwa Iringa na kupelekwa kambini upande wa Ruaha, ambako wakati huo hata midomo ya watu hupasuka kwa ukavu. Mti hunywa unyevu wa hewa na kuurudisha. Unapokauka hupungua unene, ilhali urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Tundu la chuma linabaki na upana uleule, na shoka linaanza kucheza.

Hapo ndipo watu hulitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Kiongozi mmoja wa kambi aliniuliza, "Fundi, mbona mimi nikililoweka usiku kucha, asubuhi linakaza vizuri tu?" Nikamjibu, "Asubuhi linakaza, kaka. Jioni je?" Akanyamaza, kwa sababu jioni ndiyo iliyomleta kwangu. Mti uliolowa unavimba ndani ya chuma kisichotanuka, basi nyuzi zake zinajiminya zenyewe kwa zenyewe. Ukikauka tena unakuwa mwembamba kuliko ulivyokuwa kabla ya kuloweshwa. Kila ukiloweka, unazidi kuuharibu.

Niliwahi kuona kichwa cha shoka lililolowekwa hivyo kikichomoka mtu akiwa katikati ya kuchanja kuni. Kilipita kati ya watu wawili waliokuwa wameketi motoni, kikazama mchangani. Hakuna aliyeguswa. Tangu siku ile siruhusu shoka linalocheza litumike hata kwa gogo moja, na ndiyo maana naandika mambo haya kwa urefu.

Kwanza, hakikisha mpini umekwisha kweli

Kama mti ni mzima, hauna ufa, na kichwa kimelegea kidogo tu, mara nyingine inatosha kutoa kabari ya zamani, kile kipande chembamba kilichopigwa juu ya mpini kuubana tunduni, na kupiga mpya iliyo nene zaidi. Ukiona ufa unaofuata urefu wa mpini, au mti umeliwa chini ya kichwa kwa sababu ya kukosea gogo mara kwa mara, au mtu ameshapigilia misumari juu, usihangaike. Badilisha.

Kutoa mpini wa zamani

Funika makali kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli kabla ya kushika kitu kingine chochote. Kata mpini kwa msumeno karibu kabisa na kichwa. Bana kichwa kwenye jiliwa (kifaa cha kubania cha mafundi), au kiweke juu ya vipande viwili vya mbao vilivyoachana ili tundu libaki wazi chini yake. Toboa mti uliobaki ndani kwa drili, matundu manne au matano ya milimita 6, ukiwa umevaa miwani ya kazi. Angalia kwanza kama kuna kabari ya chuma, maana itakuvunjia ncha.

Sasa usukume mti utoke kwa kutumia kipande cha nondo na nyundo. Piga kutoka upande wa chini, ule mpini ulikoingilia, kuelekea juu. Mashoka mengi yana tundu lililo pana zaidi juu, na kabari ndiyo iliyoutanua mti ukajaa upana huo. Ukipiga kutoka juu unazidi kuukaza.

Usikitupe kichwa motoni ili mti uungue. Najua ndivyo wengi tunavyofanya, na ndivyo nilivyofundishwa na mimi. Lakini ugumu wa makali ulipatikana kwa joto lililopimwa kiwandani, na joto la jikoni linauondoa. Sehemu ya chuma iliyosafishwa ikianza kugeuka rangi ya majani makavu, imefika kiasi cha nyuzijoto 220. Ikifika bluu, karibu 300, makali yameshalainika. Utalinoa kila siku na kila siku litakuwa butu.

Kusafisha tundu

Pitisha tupa ya mviringo ndani utoe kutu na mabaki. Kisha papasa ukingo wa chini wa tundu kwa kidole, taratibu. Ukikuta ukingo ni mkali kama kisu, uviringishe kwa tupa. Ukingo huo ukiachwa hukata nyuzi za mpini mpya pale pale panapobeba nguvu yote, na mpini utavunjika hapo.

Mti gani?

Hapa usifanye haraka. Mkole ndio chaguo langu la kwanza: mgumu, unapinda kidogo bila kukatika, na wazee wametumia kwa mipini na pinde tangu zamani. Mpera nao ni mzuri sana, na mara nyingi uko uani kwako au kwa jirani. Mkaratusi unafaa ukiwa umekauka vizuri na nyuzi zake hazijajipinda. Mgrivilea na msonobari viache, ni dhaifu kwa kazi ya kupiga. Na kama unapita hifadhini, mti wa humo usiuguse, kuukata ni kosa kisheria.

Chukua gogo lililonyooka, lipasue kwa kabari badala ya kulichana kwa msumeno. Gogo linalopasuliwa hufuata nyuzi zake lenyewe. Ukikishika kipande hicho mkononi na kukitazama ubavuni, utaona mistari myembamba ikienda toka ncha hadi ncha bila kutokea pembeni. Mpini ambao nyuzi zake zinatokea ubavuni katikati ya urefu utakatika hapo hapo zinapotokea, hata kama mti wenyewe ni mgumu kama jiwe. Epuka pia sehemu yenye moyo wa mti, ile nukta ya katikati kabisa, kwa kuwa nyufa huanzia hapo.

Kisha kausha. Paka rangi au nta kwenye ncha zote mbili ili zisipasuke, weka kivulini penye upepo. Kanuni ya maseremala ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mimi hupasua vipande vya inchi mbili hivi, navichonga ovyo ovyo mpaka vikaribie unene wa mpini, na kuviacha darini, juu ya chumba cha jikoni, si chini ya miezi sita. Ukiwa na haraka, nunua mpini uliokauka tayari kuliko kutia mbichi. Mpini mbichi utarudi kwako kiangazi hicho hicho.

Kuchonga

Kwa kichwa cha gramu 600 au 700, mpini wa sentimita 38 hadi 40 unatosha. Anza na kipande kirefu kidogo kuliko hicho. Chora mstari wa katikati pande zote nne, kisha chonga kwanza ile sehemu itakayoingia tunduni. Usihangaike na shikio kabla ya hapo. Ukikosea kichwani, hujapoteza kazi nyingi.

Panga kali na tupa ya mbao vinatosha. Mwenye randa ndogo atafurahi zaidi. Shikio lichongwe lenye umbo la yai, kama sentimita 3.5 kwa 2.3, ili kiganja kijue makali yameelekea wapi hata gizani. Mwishoni acha kifundo cha kuuzuia mkono usiteleze. Malizia kwa kukwangua na kipande cha kioo kilichovunjika, kisha msasa.

Kukalisha kichwa

Paka masizi ya sufuria ndani ya tundu. Ingiza mpini, gonga mara mbili tatu, utoe. Utaona mabaka meusi: hapo ndipo chuma kinapogusa. Kwangua mabaka hayo tu, basi. Ingiza tena. Kwa kawaida mimi narudia mara kumi, wakati mwingine kumi na tano. Subira inahitajika hapa kuliko mahali pengine pote, kwa sababu mti ukishatoa mwingi huwezi kuurudisha, na kabari haikuumbwa kuziba pengo la uvivu.

Ukiona kinaingia karibu chote, usikipige kichwa chenyewe. Shika mpini katikati kwa mkono mmoja, ukining'inia hewani, kichwa kikiwa chini na makali yakiwa yamefunikwa. Piga kitako cha mpini kwa nyundo ya mti. Kichwa ni kizito, hakitaki kufuata mpini unapokimbilia chini, kwa hiyo kinapanda juu yake kidogo kila pigo. Anayeona mara ya kwanza hudhani kitaanguka. Endelea mpaka mti utokeze juu kwa milimita 3 hadi 5.

Kabla ya kabari, tazama unyoofu. Inua shoka, funga jicho moja, uangalie kutoka kwenye kifundo: makali yawe mstari mmoja na mpini. Yakiwa yameelekea kushoto au kulia, toa na kwangua tena. Baada ya kabari hutapata nafasi hiyo.

Kabari

Toa kichwa. Kata ufa kwenye ncha ya juu ya mpini kwa msumeno, ukifuata urefu wa tundu (toka upande wa makali hadi kisogoni), uingie chini kiasi cha theluthi mbili ya kina chake. Tundu la kina cha sentimita 6, ufa wa sentimita 4. Chonga kabari ya mti mkavu, upana wake sawa na urefu wa tundu, unene wa milimita 7 juu na kuisha kama ulimi chini. Iwe fupi kidogo kuliko ufa. Kabari ikigota chini kabla ya kujaza pembeni, haijabana kitu.

Rudisha kichwa, ingiza kabari, upige kwa mapigo mafupi yanayolingana. Sikiliza: sauti inaanza nzito, halafu inakuwa kavu na ya juu. Ikibadilika hivyo na kabari haisogei, acha. Kinachozidi kata, ila acha milimita 3 za mti juu ya chuma, zitanuke na kukishika kichwa. Kabari ya chuma siitii, kwa kuwa inapasua mti na kumtesa atakayebadilisha mpini siku nyingine.

Mafuta

Tumia mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yanapatikana maduka ya rangi. Paka, subiri dakika ishirini, futa yaliyobaki, rudia kesho yake. Ncha ya juu, penye kabari, inywe mpaka ikatae, maana unyevu huingilia hapo. Vanishi usipake kwenye shikio, hutoa malengelenge mkononi. Na kitambaa ulichopakia usikikunje na kukitupa pembeni: mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje kikauke.

Siku ya kwanza

Chora mstari wa penseli kuzunguka mpini, ukigusa ukingo wa chini wa kichwa. Chanja kuni laini kwa nusu saa, kisha tazama. Mstari ukiwa bado umegusa chuma, shoka liko tayari kwenda porini. Ukiona upenyo kati ya mstari na chuma, gonga kitako kama mwanzo, kaza kabari, chora mstari mpya. Huko kambini utazame kila asubuhi kabla ya kuchanja, na shoka lilale hemani, mbali na moto na mbali na dashibodi ya gari.