Jinsi ya Kuomba Ukurasa Maalumu wa MediaWiki Utiririshe Matokeo Yake

Ukurasa maalumu unaotoa orodha ndefu unaweza kumaliza kumbukumbu ya seva kabla msomaji hajaona hata herufi moja, kwa sababu MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, hukusanya matokeo kwenye bafa (hifadhi ya muda) kisha huyatoa kwa mkupuo, badala ya kuyatiririsha, yaani kuyatuma kidogo kidogo kadiri yanavyopatikana. Ukitaka hilo libadilishwe ndani ya msimbo mkuu, kuna utaratibu.

Kwanza jisajili upate akaunti ya msanidi programu ya Wikimedia. Hiyo ndiyo ya kuingilia Gerrit, ambako msimbo hukaguliwa. Kisha fungua kazi Phabricator, mfumo wa Wikimedia wa kufuatilia hitilafu na maombi, na ueleze ni ukurasa gani, unatoa data kiasi gani na unakula kumbukumbu kiasi gani. Utapata namba inayoanza na T. Itunze.

Usiombe kurasa zote zitiririshwe. Utakataliwa, tena kwa haki. Sehemu ya juu ya HTML hutaja moduli za mitindo na skripti, na nyingine hazijulikani mpaka violezo vyote vichanganuliwe. Vichwa vya HTTP, taarifa zinazotangulia jibu la seva, navyo vikishaondoka havirudi: ukigundua katikati kwamba jibu lilipaswa kuwa 404 (ukurasa haupo), umeshachelewa. Omba ukurasa mmoja tu. Mfano wa kuiga upo tayari: Special:Export, ukurasa wa kusafirisha kurasa za wiki, huita disable() ya OutputPage (sehemu ya msimbo inayokusanya matokeo), husafisha bafa kwa wfResetOutputBuffers(), hutuma vichwa vyake yenyewe, kisha huandika XML moja kwa moja.

Ukishaandika badiliko lako, kabla ya kulituma, lijaribu kwa `curl -N`, amri inayoonyesha jibu la seva papo hapo linapofika. Kama seva yako ni nginx, nayo hulimbikiza majibu ya PHP. Tuma kichwa `X-Accel-Buffering: no`, la sivyo utaulaumu msimbo usio na kosa.

Kwenye ujumbe wa komiti (maelezo ya badiliko unayohifadhi katika Git) weka mstari wa `Bug:` wenye namba yako ya T, halafu tuma kwa `git review`. Roboti jenkins-bot itaendesha majaribio. Binadamu watapiga kura kati ya -2 na +2. Kura ya +1 ni kuungwa mkono tu, idhini ni +2. Ukiambiwa urekebishe, tumia `git commit --amend` na usiguse Change-Id, kitambulisho cha badiliko kilichomo kwenye ujumbe wa komiti, maana ukiibadilisha Gerrit italiona hilo kuwa ombi jipya na maoni yote yatabaki kwenye lile la zamani.

Kimya kikizidi, angalia kwa `git log` nani kaligusa faili hilo karibuni, umwongeze kama mkaguzi. Likishapitishwa, badiliko hupanda “treni”, yaani utoaji wa kila wiki wa toleo jipya kwenye wiki za Wikimedia, na Wikipedia nyingi hulipata Alhamisi.