Mnyime kitu kidogo, kisha mtazame

Nikiwa na miaka 22 nilikuwa na mpenzi ambaye kila mtu alimsifu. Jumamosi moja nikamwambia, leo nimechoka, tuonane kesho. Akajibu "sawa mama, pumzika." Nikalala. Kuamka, nakuta amenipigia mara kumi na saba, na meseji ya mwisho inasema: "Uko na nani?" Siku ile alikuwa ameshaniambia kila nilichohitaji kujua, ila nilimaliza mwaka mzima ndipo nikamsikia.

Basi wadogo zangu wakiniuliza watamjuaje mtu, nawaambia: mapema kabisa, mnyime kitu kidogo. Ahirisha miadi. Kataa kumtumia picha. Sema "nataka kurudi nyumbani sasa hivi." Halafu usisikilize maneno yake, angalia kinachofuata. Mwenye heshima anaweza kununa kidogo, kisha yanaisha. Mwingine ataanza "kama kweli unanipenda..." Akifika mahali pa kusema atajidhuru ukimwacha, waarifu ndugu au rafiki zake hapo hapo wamsaidie. Hilo si deni la kulipa kwa kubaki naye.

Kama mlijuana mtandaoni, pigianeni simu ya video kwanza. Mwenye kamera mbovu kila siku ana lake. Kutaneni penye watu, mchana, uende kwa usafiri wako na urudi kwa usafiri wako. Mtu mmoja ajue unakutana na nani, wapi, na unarudi saa ngapi. Mimi na rafiki yangu tulikuwa na swali letu: "Umemlisha paka?" Nikijibu "bado", ananipigia simu kwamba kuna dharura, nami naondoka. Sijawahi kufuga paka. Na kinywaji ulichokiacha mezani usikirudie, agiza kingine.

Kama hujafika miaka 18 na anayekutaka ni mtu mzima anayesisitiza "iwe siri yetu", usimjaribu kwa lolote. Mwambie mtu mzima unayemwamini, leo.

Simu sasa, maana huko ndiko kwenye balaa. Paswodi yako ni yako. Ingia kwenye mipangilio uone ni nani anayeona mahali ulipo. Wengine waliwasha siku moja ya mapenzi wakasahau. Akitokea mtu anatishia kusambaza picha zako za faragha, usimlipe hata kidogo, kwani ukilipa anajua unalipika. Usifute mazungumzo: piga skrinishoti, kisha mbloku, kisha mwambie mtu. Kama picha ulipigwa kabla ya miaka 18 kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down. Kama ulikuwa umeshatimiza 18, iko StopNCII. Zote mbili zinatengeneza alama ya kidijitali ya picha ili mitandao inayoshirikiana nazo iizuie, na picha yenyewe haitoki kwenye simu yako. Wavulana, msicheke hapa. Matapeli wa picha wanawawinda sana nyinyi.

Mkifikia kulala pamoja, pimeni kwanza, mkijua kwamba kipimo cha haraka cha VVU huenda kisione maambukizi ya miezi mitatu ya karibuni. Kondomu isomwe tarehe, na isipakwe mafuta ya kujipaka, yanauchakaza mpira wake ikapasuka. Ikipasuka, au ukilazimishwa, nenda kituo cha afya bila kungoja kupambazuke: dawa za PEP za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, mapema zaidi ndiyo bora, na humezwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo ni ndani ya siku tano, lakini havizuii ugonjwa wowote. Na ukibadilisha mawazo katikati, umebadilisha. Anayekasirika umeshamjua.

Ukiamua kuachana na mtu anayekutisha, usimwambie ukiwa chumbani kwake. Badilisha paswodi zote kabla, mwarifu rafiki, kisha mwambie kwa simu. Atakuomba muonane mara ya mwisho tu, akurudishie vitu vyako. Wangu aliniomba hivyo mara tatu, akinitumia picha ya koti langu la kijani limetandazwa kitandani kwake.

Sikwenda. Nilinunua jingine.