Kurekebisha paa bila kuanguka: pima kamba kabla ya kupanda

Masika ikikaribia, mafundi paa wa Dar es Salaam hatupumziki. Kule Tandika bati linavuja, Mikocheni gata la maji ya mvua limeziba, Kariakoo tanki la juu limepasuka. Kila mwenye nyumba ana haraka, na haraka hiyo ndiyo inayoua mafundi. Mimi na vijana wangu tunafanya hivi.

Hatua ya 1: Kagua paa ukiwa chini

Ingia ndani, tazama juu. Kwenye ghala lisilo na dari utayaona mabati ya plastiki ya kupitishia mwanga. Yahesabu, chora yalipo. Yakipigwa jua miaka kadhaa hukauka yakawa kama ganda la yai, na vumbi likiyafunika, ukiwa juu huyatofautishi na bati la kawaida. Kijana wangu mmoja alikanyaga moja kwenye ghala la Barabara ya Nyerere. Tulimkuta amening'inia kwa makwapa juu ya papi, mbao inayoshikilia mabati, miguu inatafuta pa kukanyaga, sakafu ya zege iko mbali chini yake. Tulimvuta akatoka mzima. Tangu siku ile hapandi mtu kabla hajauona mchoro.

Paa la asbesto la majengo ya zamani nalo halibebi mtu. Usilitoboe wala kulikata, vumbi lake linaharibu mapafu. Nyumba za karibu na bahari, angalia kutu kwenye misumari. Papi igonge kwa nyundo: ikilia butu, imeoza au ina mchwa.

Hatua ya 2: Subiri umande ukauke

Bati lenye umande linateleza kama sabuni. Sisi hatupandi kabla ya saa tatu asubuhi, na upepo ukishika kasi hatubebi bati jipya juu.

Hatua ya 3: Simamisha ngazi

Kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi ukae mita 1 kutoka ukutani. Ncha ipite ukingo wa paa kwa mita 1, kisha ifungwe. Kabla ya kuinua ngazi ya alumini, tafuta kwa macho waya wa umeme unaoingia nyumbani.

Hatua ya 4: Pima kamba

Hapa hukosea hata wenye mkanda mzuri wa usalama. Mkanda uwe wa mwili mzima, unaoshika mabega na mapaja. Sasa piga hesabu: kamba mita 2, pakiti ya kupunguza mshtuko ikifumuka inaongeza karibu mita 1.75, mwili wako kutoka ndoano ya mgongoni hadi nyayo mita 1.5, na akiba ya mita 1. Hizo ni zaidi ya mita 6. Nyumba nyingi za kawaida ukingo wa paa uko mita 3 hivi kutoka ardhini. Utafika chini kamba haijakudaka.

Kwa hiyo tunatumia kamba fupi, ya kukuzuia usifike kwenye ukingo. Ifunge kwenye kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) imara upande wa pili wa paa, kamwe si kwenye bati, gata au bomba. Inapovuka kofia ya paa, lile bati la kileleni, iwekee gunia, maana bati lina makali. Urefu uwe wa kukuruhusu uguse gata kwa mkono ukiwa umepiga magoti, basi. Ukisogea pembeni, hamisha pa kufungia: kamba iliyo sawa katikati ya paa inaweza kukuacha uanguke ubavuni.

Mkanda si hisani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga.

Hatua ya 5: Kanyaga msitari wa misumari

Misumari ndiyo inayokuonyesha papi ilipo. Vifaa vivutwe kwa ndoo, mikono ibaki huru.

Hatua ya 6: Mwache mtu chini

Awe na simu yenye salio na chaji, na ajue namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Aliyening'inia kwenye mkanda ana dakika chache tu kabla damu haijamkwama miguuni, hivyo ngazi ya pili iwe tayari hapo hapo uani, siyo kwa jirani.