Somo: Kuchora upya dirisha la GEM bila kuchafua madirisha ya jirani

Wakuu, GEM ya Digital Research (1985), mfumo wa madirisha na kipanya, haikumbuki ulichochora dirishani. Dirisha jingine likikufunika kisha likaondoka, unaletewa ujumbe tu kwamba chora tena. Wanaoanza wengi hukwama hapa, kwa hiyo maandalizi nayapitia mbio. Mfano ni wa C kwenye PC. Hatua zilezile zinafaa kompyuta ya Atari ST.

1. Ita appl_init(), kisha graf_handle() ikupe namba ya skrini na vipimo vya herufi. Namba hiyo ipeleke v_opnvwk(). work_in ina nafasi 11: zote jaza 1, ila work_in[10] weka 2 ili upime kwa pikseli. work_out iwe na nafasi 57. Ukiipunja, VDI (sehemu ya GEM inayochora) inaandika juu ya data nyingine na programu inafia mahali pasipohusika kabisa.

2. wind_create(), halafu wind_open(). Usichore chochote hapa. Ujumbe wa kuchora utakuja wenyewe.

3. Subiri kwa evnt_mesag(msg). msg ni namba 8 za biti 16. msg[0] ikiwa 20, hiyo ni WM_REDRAW, ujumbe wa kuchora tena. Msg[3] ni dirisha, na msg[4] hadi msg[7] ni eneo la kurudia.

4. Sasa penyewe (w ni dirisha, h ni namba uliyorudishiwa na v_opnvwk, eneo ni lile la msg[4] hadi msg[7]):

wind_update(BEG_UPDATE);
graf_mouse(M_OFF, 0L);
wind_get(w, WF_FIRSTXYWH, &r.g_x, &r.g_y, &r.g_w, &r.g_h);
while (r.g_w && r.g_h) {
  if (rc_intersect(&eneo, &r)) {
    p[0] = r.g_x; p[1] = r.g_y;
    p[2] = r.g_x + r.g_w - 1;
    p[3] = r.g_y + r.g_h - 1;
    vs_clip(h, 1, p);
    chora();
  }
  wind_get(w, WF_NEXTXYWH, &r.g_x, &r.g_y, &r.g_w, &r.g_h);
}
graf_mouse(M_ON, 0L);
wind_update(END_UPDATE);

Kwa nini kuzunguka? Kona moja ya dirisha ikifunikwa, kinachobaki wazi kina umbo la L, na GEM inakigawa mistatili miwili. Ukichora yote kwa mkupuo, unapaka juu ya jirani.

Ile -1 msiidharau. AES (sehemu ya GEM inayosimamia madirisha) inahesabu upana na urefu, VDI inataka pembe mbili. Ukiisahau, pikseli moja inavuka mpaka kila mara.

chora() ianze kwa kupaka eneo rangi 0, yaani nyeupe. GEM haikufutii.

MASWALI

– Mkuu, mstari wa kwanza wa maandishi hauonekani, mingine ipo.

v_gtext inapokea y ya pale herufi zinapokalia, si ya juu yake. Ongeza urefu wa herufi uliopewa na graf_handle.

– Nikishachora, menyu hazishuki tena.

Kuna return ndani ya ule mzunguko wa while inayoruka END_UPDATE. Skrini bado umeishikilia wewe.

– Mshale wa kipanya umepotea moja kwa moja.

M_OFF inalimbikizwa. Ukizima mara mbili, washa mara mbili. Iondoe ndani ya chora().

– Nikikuza dirisha picha inajirekebisha, nikilipunguza inabaki ilivyokuwa. Tatizo nini?

Si kosa lako, mkuu. Dirisha likipungua hakuna sehemu mpya iliyofunuka, hivyo WM_REDRAW haitumwi. Kama picha yako inafuata ukubwa wa dirisha, ukipata WM_SIZED (ujumbe kwamba ukubwa umebadilishwa) weka kwanza vipimo vipya kwa wind_set, kisha jitumie WM_REDRAW mwenyewe: appl_write(ap_id, 16, msg). ap_id ni namba uliyopewa na appl_init().