Namna ya Kuchagua Vigari vya Matchbox Katika Maduka ya Vitu vya Kale

Anayetaka kuanza kukusanya vitu vidogo vya kuchezea vya zamani mimi humshauri aanze na vigari vya Matchbox vilivyotengenezwa na kampuni ya Lesney ya London, kwa kuwa vilitoka kwa wingi na kila kimoja kina alama za kukitambulisha. Mfululizo huo ulianza mwaka 1953, baada ya Jack Odell, mmoja wa wenye kampuni hiyo, kumtengenezea binti yake mtambo mdogo wa kushindilia barabara, kwani shuleni kwao watoto waliruhusiwa kuja na kitu kinachoenea ndani ya kasha la kiberiti tu.

Hatua ya kwanza ni kujiandaa. Beba lenzi ya kukuzia, tochi ndogo na kitambaa laini. Ukifika dukani, msalimie mwenye duka na umwombe ruhusa kabla ya kushika chochote.

Hatua ya pili ni kukigeuza kigari juu chini, hata kama rangi yake imekuvutia. Soma maandishi ya tumboni kwa lenzi. Ukikuta jina la Lesney pamoja na maneno ya kuonyesha kwamba kimetengenezwa Uingereza, endelea kukichunguza. Ukikuta jina la Macau, kirudishe, kwa sababu Lesney ilifilisika mwaka 1982 na utengenezaji ukahamia huko baadaye.

Hatua ya tatu ni magurudumu, na hapa usiwe na haraka. Vigari vya mwanzo vilikuwa na magurudumu ya chuma, yakafuata ya plastiki ya kijivu, kisha ya plastiki nyeusi. Kuanzia mwaka 1969 yakaja magurudumu ya Superfast, yenye ekseli nyembamba yanayoteleza kwa kasi. Kigari kimoja kinaweza kuwa kilitolewa kwa aina mbili au tatu za magurudumu, na tofauti hiyo peke yake hubadilisha bei kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo tazama ncha za ekseli: zikiwa na mikwaruzo mipya au alama za koleo, huenda magurudumu yamebadilishwa.

Hatua ya nne ni rangi. Niliwahi kununua basi jekundu la London, namba 5 katika mfululizo huo, kutoka duka moja nililoliamini, likiwa linang'aa kama limetoka kiwandani jana. Nilipolitazama nyumbani chini ya taa niliona rangi imejaa ndani ya herufi za tumboni, na tone dogo jekundu limegandia kwenye ncha ya ekseli. Lilikuwa limepakwa upya. Tangu siku hiyo huangalia ribiti zinazoshika sehemu ya chini, kwa sababu anayetaka kupaka rangi vizuri hulazimika kuzitoboa ili akifungue kigari, na kovu la kutoboa halifichiki. Kigari kilichochubuka lakini hakijaguswa ninakithamini kuliko kilichorembwa, kwa kuwa michubuko ile ni ya mikono ya mtoto aliyekichezea.

Kuhusu kasha, ukilipata lililo zima, linunue pamoja na kigari chake, ila hakikisha namba na picha iliyo juu yake vinalingana na kilichomo. Makasha ya kuiga yapo mengi. Karatasi yake huwa nyeupe mno kwa ndani, na mikunjo yake haijachakaa. Bei ipatanishe baada ya ukaguzi, ukimwonyesha mwenye duka kasoro ulizoziona kwa adabu.

Ukifika nyumbani, ondoa vumbi kwa brashi laini na kavu. Usitumie tina (kimiminika cha kuyeyushia rangi), na usikiloweshe kigari chenye vibandiko, kwani vinaweza kubanduka vipande vipande. Weka vigari mbali na jua na unyevu. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo nawa mikono baada ya kuvishika, na usimpe mtoto mdogo anayetia vitu mdomoni.