Mildiu ya birayi: usingoje majani yaungue

Kila msimu wa mvua mildiu, ugonjwa unaounguza majani ya birayi (viazi mviringo), inarudi, na lawama ni ileile huku Kivu ya Kaskazini, Kibumba mpaka Masisi: "Dawa za siku hizi zimekufa." Feki zipo sokoni, hatukatai. Lakini mara nyingi pakiti ni halali na kosa ni la mpigaji: anangoja shamba liungue, ndipo anaanza kumwaga metalaksili, dawa ya mildiu, wiki hii, wiki ijayo, na inayofuata.

Soma lebo. Pakiti ya kawaida ina dawa mbili: metalaksili 8% (au metalaksili-M 4%) na mankozebu 64%. Mankozebu ni ditiokabamati (kundi la kemikali) yenye manganizi na zinki. Haiingii ndani ya jani. Inakaa juu na kukipiga kimelea kinacholeta mildiu sehemu nyingi kwa mara moja. Metalaksili inaingia na kupanda na maji ya mmea mpaka kwenye machipukizi, ila inapiga mahali pamoja tu, kimeng'enya ambacho kimelea hutumia kutengeneza RNA, ambayo bila hiyo hakikui. Kimelea kikibadilika kidogo hapo, dawa haikipati tena. Dawa hii ilitoka 1977. Kufikia 1980 mildiu sugu ilikuwa tayari Uholanzi na Ireland.

Shamba lililokwisha kuungua lina vimelea wasiohesabika, na wachache kati yao ni sugu. Ukilipiga metalaksili unaua wanyonge na kuwaachia sugu nafasi. Unachagua mbegu ya ugonjwa kama unavyochagua mbegu ya maharagwe!

Kwa hiyo anza na mankozebu 80% peke yake, mimea ikifika shubiri moja, kabla ya doa lolote. Rudia kila siku 7 penye mvua na ukungu, 10 jua likiwaka. Metalaksili yenye mankozebu ipige mapema, mimea inapokua kwa nguvu na mistari inakaribia kufungana: mara mbili kwa msimu, tatu ndiyo mwisho, ukiacha siku 10 hadi 14 katikati. Kisha rudi kwenye mankozebu. Metalaksili haishuki chini, kwa hiyo kuipiga mwishoni hakuokoi kiazi kilichomo udongoni.

Kipimo ni gramu 2.5 kwa lita ya maji, kwa pakiti zote mbili, ya mankozebu peke yake na ya mchanganyiko. Pompi ya lita 16 inataka gramu 40, ya lita 20 gramu 50. "Vijiko viwili hivi" si kipimo. Pima mara moja kwenye mizani, weka alama kwenye kikombe, na kila unga uwe na kikombe chake kwa sababu uzito haufanani. Halafu maji: kipande cha mita 20 kwa 20 chenye majani yaliyofungana kinataka lita 40, yaani pompi mbili na nusu za lita 16. Watu wanapiga moja, kisha wanalaumu duka.

Mankozebu haiyeyuki, inazama. Ikoroge kwanza na maji kidogo kwenye ndoo mpaka iwe uji, ndipo uongeze maji, na utikise pompi ukitembea. Elekeza mdomo wa pompi chini ya majani pia. Piga umande ukishakauka. Mawingu yakianza kushuka toka mlima Nyiragongo, weka pompi chini, maana dawa isiyokauka inaoshwa. Iliyobaki usiilaze mpaka kesho. Glavu na barakoa vaa.

Hakikisha ni mildiu. Asubuhi geuza jani: pembeni mwa doa jeusi utaona ukungu mweupe. Doa kavu lenye miduara ndani ya miduara ni alternaria, ugonjwa mwingine, ambayo metalaksili haiigusi kabisa, mankozebu inaizuia.

Machipukizi yakitoka safi, dawa imeshika.

Kama shamba lote limekwisha kuwa jeusi, acha dawa. Kata mashina, yatoe nje ya shamba, ngoja wiki mbili ganda la kiazi likomae, ndipo uchimbe siku udongo umekauka.