Kutabiri kama kampaundi itaua seli za saratani: anza na data, modeli baadaye

Laptopu yenye RAM ya GB 4 inatosha. Nalisema mapema kwa sababu vijana wa famasia wanaopita dukani kwangu hapa Kirumba, Mwanza, huanza na kisingizio hicho. Kazi yote, yaani kufundisha modeli (programu inayojifunza kutokana na data), tunaifanyia Google Colab, kompyuta ya Google unayoitumia kwa mtandao, bure. Wewe gharama yako ni bando. Ila hifadhi kila hatua kwenye Drive, maana umeme ukikatika na ruta ikazima, Colab haikusubiri.

Data iko ChEMBL, hazina ya bure inayotunzwa na EMBL-EBI huko Uingereza, yenye mamilioni ya vipimo vilivyotolewa kwenye majarida ya sayansi. Usiingie ukatafuta "saratani" kwa ujumla. Modeli iliyolishwa damu, titi na ini kwa pamoja haitakuambia lolote la maana. Chagua laini moja ya seli, yaani seli za asili moja zinazokuzwa maabara kizazi hadi kizazi. Mimi huwaanzishia MCF-7, seli za saratani ya titi zilizotolewa kwa mtawa mmoja wa Marekani mwaka 1970, kwa sababu zimepimwa mno na data yake ni nyingi.

Mpwa wangu alitaka limfoma ya Burkitt, saratani ya mfumo wa limfu. "Mjomba, hiyo ndiyo ya kwetu," akaniambia, na ana haki: ukanda huu wa Ziwa ni kati ya sehemu zinazoiona sana kwa watoto. Lakini lile kundi maarufu la NCI-60, yaani laini 60 ambazo taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani imezitumia kupimia kampaundi, halina hata laini moja ya Burkitt. Ipo Raji, iliyotoka kwa mtoto wa Nigeria mwaka 1963, ila data yake haifikii ya MCF-7. Jifunzie penye data nyingi kwanza.

Sasa usafi, na hapa nitakaa. Pakua faili la CSV, ubaki na IC50 tu: kiwango cha kampaundi kinachopunguza uhai wa seli kwa nusu. GI50 (kiwango kinachopunguza ukuaji wa seli kwa nusu) na asilimia za uzuiaji weka pembeni, si kipimo kilekile. Vizio vyote viwe nM (nanomola). Ondoa chumvi, kwa sababu kampaundi ileile ikiandikwa na kloridi ubavuni kompyuta huiona ngeni. Kisha geuza IC50 kuwa pIC50: 9 toa logi (ya msingi 10) ya nM. Kwa hiyo nM 1,000 inakuwa 6, nM 100 inakuwa 7. Namba ikipanda, ukali umepanda.

Kampaundi moja mara nyingi huja na namba kadhaa kutoka maabara tofauti. Kuiacha kwenye seli saa 48 badala ya 72 tu kunatosha kuzitenganisha. Zikikaribiana, chukua ya katikati. Zikipishana zaidi ya mara kumi mimi natupa zote. Kuna watakaosema naharibu data, waje tubishane.

Kinachoharibu kazi nyingi ninazoletewa ni alama ya "zaidi ya", ">". Maabara ikiandika IC50 > 100,000 nM maana yake walifika mwisho wa kipimo na seli bado zinadunda. Watu huifuta mistari hiyo kwa kuwa haina namba kamili. Ukiifuta umewaondoa dhaifu wote, na modeli itakua ikiamini kila kemikali duniani inaua saratani. Mimi huacha kutabiri namba, natabiri makundi mawili. Chini ya nM 1,000 ni kali. Kuanzia nM 10,000 kwenda juu, pamoja na zile za ">" zilizofika hapo, ni dhaifu. Za katikati natoa.

Sifa za molekuli hazina shida. Kila molekuli ina mwandiko wa SMILES, umbo lake likiandikwa kwa herufi na alama; aspirini ni CC(=O)Oc1ccccc1C(=O)O. RDKit, maktaba ya bure ya lugha ya programu ya Python, husoma mwandiko huo ikakupa uzito, logP (inavyopendelea mafuta kuliko maji), eneo la polari, vitoa na vipokea bondi za haidrojeni, na idadi ya bondi zinazozunguka. Baadaye ongeza alama za vidole za Morgan, nusu kipenyo 2, biti 2048: orodha ya 0 na 1 inayotokana na vipande vilivyomo ndani ya molekuli. Kanuni ya Lipinski ya 1997 ya kukisia dawa zitakazofaa kumezwa, ile ya uzito usiozidi 500, usiifanye chujio. Vinkristini, inayotumika kutibu hiyohiyo Burkitt, ina uzito wa karibu 825.

Iangalie logP kwa jicho kali. Kampaundi yenye mafuta mengi hupenya utando wa seli kirahisi na huweza kuua bila kuchagua, kwa hiyo modeli hupenda kujifunza kwamba mafuta ni dawa. Wateja huniuliza kila mara kuhusu majani ya mstafeli. Anonasini iliyomo humo ni mnyororo mrefu wa mafuta, na kwenye sahani ya maabara inaua kweli seli za saratani. Inaua na seli za neva pia, kwa kuziba kazi ya mitokondria, mitambo ya nishati ya seli; huko Guadeloupe ulaji wa stafeli umehusishwa na ugonjwa unaofanana na Parkinson.

Modeli yenyewe ni mistari michache ya scikit-learn, maktaba nyingine ya Python: msitu wa miti 500 ya maamuzi. Usijisifie asilimia ya usahihi. Kama tisa kati ya kumi kwenye data ni dhaifu, modeli inayojibu "dhaifu" siku zote inapata asilimia 90. Tumia MCC, alama inayopima makundi yote mawili kwa pamoja: 1 ni kupatia yote, sifuri ni kubahatisha tu.

Kugawa data ya kufundishia na ya kupimia ndiko kunakotenganisha kazi na maigizo. Wanakemia huchukua kiunzi kimoja cha pete wakatengeneza ndugu 30 kwa kubadilisha vipachiko. Ukigawa kwa bahati nasibu, ndugu wataangukia pande zote mbili. Ni sawa na kumpa mwanafunzi mtihani wa maswali ya jaribio la juzi, umebadilisha namba tu. Gawa kwa viunzi vya Murcko, yaani pete na viunganishi vinavyobaki ukiondoa vipachiko, familia nzima ikae upande mmoja. Alama zitashuka. Andika hizo zilizoshuka.

Halafu vuruga majibu makusudi, yaani gawa ovyo lebo za kali na dhaifu, fundisha upya. MCC isiposhuka karibu na sifuri, kuna data inavuja mahali.

Ukiletewa kampaundi mpya, pima kwanza ufanano wake wa Tanimoto (0 hadi 1, kwa kulinganisha alama za vidole) na ile ya kufundishia iliyo karibu nayo zaidi. Chini ya 0.3 mimi sijibu. Ikipita, fundisha modeli ya pili kwa njia ileile kwa seli zisizo za saratani, mfano MRC-5 za mapafu, uweke majibu ya modeli zote mbili safu kwa safu. Chagua zinazotabiriwa kali kwa MCF-7 na dhaifu kwa MRC-5. Orodha ikibaki na kampaundi tano au sita, hapo ndipo uwafuate watu wa maabara muongee gharama za kuzipima.